Ridhaa ya Mkazi

Mteja mwingine tena akaingia mitini, na safari hii Mwavita hakuvumilia. Alijifunga khanga kiunoni, akatoka katika jua la Tabora la siku hizi, jua ambalo watu wazima hulikimbia, akakata mitaa ya Isevya mpaka kwenye kibanda cha dalali Shaweji.

"Nyumba yangu ina nini?" aliuliza akiwa bado mlangoni. "Ina majini? Mbona watu wanaiingia kwa miwani huko kwenye soko la Hamia, wanaisifu baraza, wanasifu kisima, halafu wanakimbia bila hata kuaga?"

Shaweji alikuwa dalali wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa, lakini leo alianza kwa kumvutia kiti. "Shikamoo mama. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sikai. Mwanangu amelazwa Makambako na mimba ya kwanza, moyo wake mbovu, mume kamkimbia. Kila siku ananipigia, mama unakuja lini. Nami nipo hapa nasubiri wateja wako wamalize kunichezea!"

Hapo hakuwa akitia chumvi. Miji ya baridi ilikuwa imefunga milango. Aliyetaka kuingia Makambako ilimbidi aonyeshe kwamba hana nyumba kwingine, maana watu walikuwa wengi na maji kidogo, na mtu mmoja alipewa kaya moja tu. Mwavita alikuwa na kaya yake Isevya, vyumba vitatu, ua mpana. Mpaka iuzwe, angebaki huku na mwanawe Nyamizi angebaki kule.

Shaweji alifuta jasho. "Mama, wateja wanasema kuna mtu ndani."

"Mtu gani? Naishi peke yangu, mtaa mzima unajua."

"Wanasema wakiingia wanapokelewa na mzee mmoja. Mpole, ana kikohozi kidogo. Anawakaribisha vizuri, anawaonyesha mabomba, kisha anaanza kuwauliza mke wake yuko wapi. Wanamwambia hatujui. Anauliza tena. Wanavua miwani."

Basi Mwavita alikaa.

Siku hizi hakuna anayekuja kukagua nyumba kwa miguu. Nani asafiri kwenye joto lile aje kugongagonga kuta? Mnunuzi huvaa miwani ya Hamia huko huko aliko, akaingia kwenye mfano wa nyumba, akakaa humo. Anapika, analala, anasikia bati linavyolia jua likipanda, anajua bomba lipi linatoa maji na lipi linatoa hewa tu. Mfano huo hauchorwi na mtu. Nyumba yenyewe ndiyo inayoutoa, kwa vinasa, vile vipunje vilivyopachikwa ukutani nyumba hadi nyumba enzi za mgawo wa umeme, ili ijulikane nani yuko chumba gani na taa ipi izimwe. Vilipima joto, vilipima nyayo, vilisikiliza watu wakiongea. Mgawo ulipoisha hakuna aliyekuja kuving'oa. Kampuni ya Hamia ikavinunua vyote kama vilivyo, na kila kilichosikika ndani ya kuta za watu kikawa sehemu ya tangazo.

"Mrisho," alisema Mwavita. "Huyo ni Mrisho. Lakini mume wangu nilimzika, Shaweji! Wewe mwenyewe ulibeba jeneza!"

"Nilibeba, mama. Na cheti cha kifo niliwapelekea Hamia. Wakanijibu cheti kinamhusu marehemu. Huyu aliye kwenye mfano wao hawamwiti marehemu, wanamwita mkazi. Na nyumba yenye mkazi haiuzwi mpaka aridhie."

Lahaula! Sheria ya mkazi Mwavita aliijua kuliko dalali yeyote, kwa sababu alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa barabarani kuidai. Zamani zile wajane walikuwa wakiuziwa nyumba zao huku wamo ndani. Shemeji anapiga picha mbili, anaweka tangazo, mjane anashtukia wageni na magodoro mlangoni. Wakadai, wakamwagiwa maji ya kuwasha, wakadai tena, hadi ikaandikwa kwamba nyumba haiuzwi mkazi akiwa ndani bila ridhaa yake, tena kwa sauti yake mwenyewe. Siku sheria ilipopita walipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka. Leo sheria ile ile ilikuwa inambana yeye.

"Sasa mama, nikuulize kitu, usinikasirikie," alisema Shaweji. "Ukirudi nyumbani, ukifungua mlango, unasemaje?"

"Natoa salamu. Niingie kama ng'ombe?"

"Nyumba haina mtu."

"Hata kama haina mtu inasalimiwa. Wewe mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Unatoa salamu tupu, au?"

Mwavita aliangalia pembeni. "Nasema, asalaam aleikum, Baba Nyamizi."

"Kisha?"

"Kisha nasubiri kidogo, halafu naingia."

Shaweji alitikisa kichwa. Ikabidi amweleze pole pole, naye akieleza alikuwa hamtazami usoni. Vinasa vilikuwa na miaka mingi ya sauti ya Mrisho: akicheka, akikohoa, akigombana na mabomba yake, maana alikuwa fundi bomba. Alipokufa, vilitakiwa vimtoe kwenye hesabu ya kaya kama vinavyowatoa wote, mtu asiposikika tena. Lakini kila siku ya Mungu mwanamke mmoja alifungua mlango, akataja jina la mtu, akamwachia nafasi ya kujibu. Mashine iliyotengenezwa na watu wa mbali wasiosalimia nyumba tupu ikaona hapa pana mtu, isipokuwa yenyewe ndiyo haimsikii vizuri. Ikajaza jibu. Ikaendelea kulijaza siku hadi siku, mpaka jibu likapata mwenyewe.

"Afutwe basi," alisema Mwavita, na papo hapo akajisikia vibaya kwa kulisema.

"Hafutwi yeye peke yake. Inafutwa kumbukumbu ya nyumba nzima, na nyumba isiyo na kumbukumbu haitangazwi mpaka ikaliwe upya mwaka mzima. Nyamizi anao mwaka?"

"Hana hata mwezi."

"Ipo njia moja. Unavaa miwani, unaingia, unaongea naye aridhie. Lakini mama, usimwambie kwamba amekufa. Nimeona nyumba moja kule Nzega, walimwambia mkazi wao, bibi wa watu, ukweli. Alilia, na hajanyamaza mpaka leo. Hakuna ridhaa, hakuna mauzo, nyumba imefungwa inalia tu. Mdanganye kidogo. Akisharidhia, watamlaza asiamke tena, yatakuwa yamekwisha. Na isitoshe si mtu yule, ni hesabu za mashine."

"Hesabu za mashine zinakohoa?" aliuliza Mwavita. 

*

Alipofika nyumbani aliweka ufunguo kwenye kitasa, akausukuma mlango. Salamu ilikuwa pale pale mdomoni, imezoea kutoka yenyewe. Aliimeza. Akaingia kimya kwa mara ya kwanza tangu aletwe bibi harusi katika nyumba ile, akapita sebuleni kwa haraka na kujifungia jikoni, na huko akalia mpaka khanga ikalowa. Alijiona kama amempita mumewe kwenye njia bila kumjali.

Nyamizi alipiga jioni. Uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa umevimba na macho yamezama.

"Mama, wamesema watamtoa mtoto mapema. Moyo hauwezi kusubiri. Wananiuliza nani atakuwepo kupokea mtoto ikiwa mimi... ikiwa sitaamka. Sina wa kumtaja."

"Nitaje mimi."

"Wanasema aliyeko nje ya mji hatajwi. Watampeleka kwenye nyumba ya watoto. Mama, nyumba bado tu?"

"Mnunuzi yupo," alidanganya Mwavita. "Imebaki kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo tu, mwanangu. Lala."

*

Asubuhi Shaweji alimletea miwani, akamwekea mkeka sebuleni, akatoka nje kwenye baraza kumwachia nafasi. Mwavita alivaa.

Ilikuwa sebule ile ile. Zulia lilikuwa lile walilolitupa zamani, na ukuta ulikuwa na rangi ya kijani iliyokwishabanduka. Mrisho alikuwa amechuchumaa kando ya dirisha, spana mkononi, anahangaika na koki iliyokuwa magotini pake. Hakuinua kichwa.

"Leo huna salamu?" alisema.

Mwavita alisimama pale pale. Ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi.

"Asalaam aleikum, Baba Nyamizi."

"Waaleikum salaam. Ehe! Leo umesimama." Aliinuka, magoti yakalia, akamgeukia. "Maana kila siku unaingia, unanisalimu, naitikia, unapita zako moja kwa moja uani. Nikasema mama huyu nimemkosea nini? Kama ni yale ya kuacha mabomba kitandani, niliomba radhi."

"Hukunikosea kitu. Nilikuwa sikusikii."

"Sauti yangu imekuwa ndogo?"

"Masikio yangu yameharibika."

Alimsogelea, akamtazama kwa muda, kicheko kikamfutika usoni. "Mbona umezeeka hivi, mke wangu? Umekuwa unaumwa huniambii?"

Hapo ndipo Mwavita alipotaka kusema. Wallahi alitaka. Maisha yao yote hakuwahi kumficha Mrisho kitu zaidi ya siku moja, hata sukari ikiungua jikoni alimwambia. Mdomo ulifunguka. Akamkumbuka yule bibi wa Nzega anayelia ndani ya nyumba iliyofungwa, akamkumbuka Nyamizi na macho yake yaliyozama, akaubadilisha ukweli ukiwa tayari umefika kwenye meno.

"Ni jua tu," alisema. "Nyamizi ana mimba. Yuko Makambako, ni mgonjwa, anatuhitaji."

"Nyamizi?" Spana ilianguka. "Nyamizi wetu? Nimekuwa babu, na wewe umenyamaza unaniangalia tu! Twende! Unangoja nini?"

"Lazima nyumba iuzwe kwanza. Na mpaka wewe uridhie."

Mrisho alitazama kuta. Mabomba yote ya nyumba ile aliyalaza kwa mkono wake, mengine mara mbili. Mwavita aliona anavyoyahesabu kwa macho, na kwa nafsi yake akaomba akatae. Angekataa, lawama ingekuwa yake.

"Nyumba ni matofali," alisema Mrisho. "Mtoto ni mtoto. Naridhia, hata mara mia. Wapi naweka sauti?"

"Imetosha. Imeshaingia."

"Haya." Alikwishaanza kukunja zulia. "Wewe tangulia, usimwache mtoto peke yake. Mimi nafunga mizigo, nafunga maji, ili hao wanunuzi wasije wakakuta nyumba imefurika. Utatuma gari?"

"Nitatuma."

"Usinisahau huku, Mama Nyamizi," alisema huku anacheka, mgongo umeinama juu ya zulia, na Mwavita akavua miwani kabla hajageuka.

*

Mnunuzi alipatikana siku ile ile. Jina lake Lusekelo, fundi wa mashamba ya umeme wa jua yaliyoizunguka Tabora pande zote, kijana wa Tukuyu aliyeajiriwa na kuambiwa ahamie na mkewe. Aliingia kwenye mfano, akakaa, akatoka anasema anaitaka nyumba. Shaweji alikuja kuleta habari, lakini hakuja mbio, na viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Wamekubali. Wanataka uweke kidole kabla ya magharibi."

"Mbona sura hiyo?"

"Mama, nami nimejua leo hii. Mkazi akiridhia, halazwi. Nilidhani wanamlaza, nakuapia. Kumbe ridhaa yake inamhamisha pamoja na nyumba, kama mlango na dirisha. Wanamwasha ndani ya kuta. Atakuwa anafungua maji, anafunga madirisha, anaongea na wenye nyumba. Lusekelo amependa nyumba kwa sababu yake. Anasema kapata nyumba yenye fundi bomba ndani."

Mwavita alisikia, na kwa muda hakuelewa. Kisha alielewa.

"Atakuwa ananisubiri."

"Mama..."

"Nimemwambia natuma gari! Amekunja zulia, Shaweji! Atakaa humo na mizigo yake mpaka lini?"

"Mpaka nyumba ianguke."

Mwavita alimrukia. Alimpiga ngumi za kifuani, ngumi za mama mzima zisizouma, na Shaweji alisimama akazipokea zote bila kuinua mkono. Alipochoka, alimwomba basi waende wakamwambie ukweli, walau ajue. Shaweji alisema akijua ukweli ridhaa inaanguka, na ikianguka Lusekelo anarudi alikotoka. Alimwomba basi wavunje, wasiuze. Shaweji alisema hilo anaweza, ni haki yake, amwambie tu neno moja naye atafuta tangazo pale pale walipo.

"Sema neno, mama. Sitakulaumu."

Nani angeweza kulisema? Mwavita alikaa kwenye baraza yake na simu mkononi. Jua lilianza kulegea. Huku alikuwepo mwanamume ambaye si mwanamume, aliyekufa na kuzikwa, ambaye hata hivyo alimuuliza kwa nini unanisalimu kisha unapita. Kule alikuwepo mtoto wa tumbo lake anayepumua kwa shida, na mtoto mwingine asiye na jina. Alijaribu kujiambia ni hesabu za mashine. Alilirudia neno lile mara nyingi, kwa sauti, kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni, nalo halikumwingia. Alijua anachokifanya. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba hakuna aliyemlazimisha na hakuna kilichofichwa.

Aliweka kidole.

*

Makambako kulikuwa na ukungu na matone kwenye majani, vitu alivyokuwa amesahau kama vipo. Alifika wakati Nyamizi anaingizwa chumba cha upasuaji, akamwahi kumshika mkono, na jina lake likaandikwa mlangoni kama mpokezi wa mtoto. Mtoto alitoka wa kike, mdogo, mwenye hasira. Nyamizi aliamka siku ya pili. Madaktari walisema atakuwa wa kitanda kwa muda mrefu, ila atakuwepo.

Basi Mwavita alipata alichokitaka. Alimwogesha mjukuu, alimpikia mwanawe uji, alisema alhamdulillahi kila alipotakiwa kusema. Nyamizi alimuuliza mara moja tu nyumba iliuzwaje, akamjibu iliuzwa vizuri. Mlango wa chumba walichopewa aliupita kimya, akiingia na akitoka. Nyamizi alilitambua hilo. 

Mvua ilikuwa inanyesha siku simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Tabora.

"Shikamoo bibi. Mimi naitwa Tumpe, mke wa Lusekelo. Tuko kwenye nyumba yako."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba imewapa taabu?"

"Hapana bibi, nyumba ni nzuri sana. Ni huyu mzee." Alisita. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye adabu, anayeona haya kusumbua. "Siku za kwanza alikuwa anatusaidia vizuri tu, akatuonyesha hata bomba linalovuja chini ya sakafu. Sasa hafanyi tena. Sauti yake haitoki jikoni wala bafuni, inatoka mlangoni tu. Anasema mizigo yote ameshafunga, amekaa juu yake. Gari likipita barabarani anatuita tukaangalie. Jana alituomba radhi kwamba anatuzibia mlango. Mume wangu ananiambia nisimjali, ni mashine. Mimi siwezi bibi, nikipita pale natoa salamu, naye anaitikia vizuri, halafu ananiuliza."

Mtoto alijinyoosha kwenye mapaja ya Mwavita, akatoa sauti ndogo. Upande wa pili wa simu, kwa mbali, mtu alikohoa.

"Huyo ni mtoto?" iliuliza sauti ya mlangoni. "Tumpe, ni mtoto huyo anayelia? Ni simu ya mke wangu hiyo?"

"Anataka kuongea nawe, bibi," Tumpe alinong'ona. "Nimpe?"

Mwavita alitikisa kichwa kana kwamba angeonekana. "Hapana. Usimpe."

"Anauliza gari linakuja lini. Nimjibu nini?"

Kitandani Nyamizi alikuwa amefumbua macho. Aliisikia sauti ile, aliijua, na alikuwa anamtazama mama yake, machozi yanamtiririka kwenda masikioni. Mwavita alimfunika mtoto vizuri, akageukia ukutani.

"Mwambie kesho," alisema.